Gia ya Kwanza na Rivasi

Magari yale mawili yaliposhushwa kwenye behewa pale stesheni ya Kigoma, watu waliyazunguka kama wanaotazama wanyama wa porini. Yalikuwa magari ya spoti, ya milango miwili, yamelala chini kiasi kwamba mtu mzima alikunja magoti ndipo aingie. Jekundu lilikuwa la Khatibu, mwenye duka la mabati na saruji huko Kibondo. Jeupe lilikuwa la mdogo wake Haidari, muuza vitambaa wa Kasulu. Ndugu hao walikuwa wameyanunua Dar es Salaam kwa mtu mmoja, siku moja, na watu wakayaita Mapacha. Kwa macho yalitofautiana rangi tu, na hata hiyo haikudumu. Vumbi la nchi ile liliyafanya yote mekundu kabla Ijumaa ya kwanza haijafika.

Tofauti yenyewe ilikuwa ndani. La Khatibu lilikuwa otomatiki. La Haidari lilikuwa la gia.

Kwa hiyo ukazuka ubishi usioisha. Miaka ile malori yalikuwa yakipeleka chakula kwenye kambi za wakimbizi, na kwa ajili ya malori hayo greda lilipita kila kiangazi likailainisha barabara kutoka Kasulu hadi Kibondo. Ndugu wawili walifukuzana kwenye barabara hiyo kama vijana wasio na wake, kisha wakaja kuketi barazani kwa Haidari, vumbi limewajaa hadi kwenye kope, wakinywa kahawa na kubishana.

"Wewe huendeshi, kaka," Haidari alikuwa akisema. "Wewe unabebwa. Gari linaamua lenyewe likaze lini, lilegeze lini. Umeshika usukani kama abiria aliyepewa kitu cha kuchezea asisumbue."

"Na wewe umeoa giaboksi," Khatibu alijibu. "Mguu uko kwenye klachi, mkono uko kwenye gia, masikio yako kwenye injini. Unapita Makere hujaiona Makere. Mimi napanda ule mlima natazama mashamba ya watu, nalikanyaga, linakwenda. Raha gani inayomtoa mtu jasho?"

"Linaniuliza, nalijibu. Hiyo ndiyo raha."

"Mimi wa kuniuliza maswali ninaye nyumbani, ananitosha."

Wakacheka. Nasma, mke wa Haidari, alipoleta kahawa nyingine, Khatibu akamgeukia. "Shemeji, wewe umepanda yote mawili. Amua."

Nasma alitabasamu akaondoka na sinia. Jibu alikuwa nalo, ila lilikuwa siri yake na mumewe. Haidari alikuwa akimchukua baada ya sala ya alfajiri, wakavuka Makere, na pale barabara inaponyooka katikati ya miyombo wakabadilishana viti. Mwanzoni alikuwa akilizima kila anapoachia klachi, na Haidari alikuwa akitazama nje asimtie aibu. "Usiitazame gia," alimwambia. "Sikiliza. Likianza kulalamika, ndipo." Siku moja Nasma alitoka gia ya pili kwenda ya tatu bila kufikiri, mguu na mkono vikaenda pamoja, na gari likasonga mbele kwa sauti nyingine kabisa, sauti ya kitu kilichoridhika. Alihisi furaha ikimpanda kutoka kwenye nyayo. Hakuwahi kuhisi hivyo jikoni wala dukani, na hakujua amwambie nani.

Ukafika mwaka wa mvua za Elninyo. Zilianza kama mvua nyingine, kisha zikakataa kukoma. Migomba ilianguka, kuta za matofali mabichi zikayeyuka, barabara zikakatika. Katikati ya mvua hizo Haidari akashikwa na tumbo. Hospitali ya Kasulu walisema apelekwe Kigoma upesi akapasuliwe. Gari jeupe lisingeweza kutoka hata nje ya mji. Wakampakia kwenye lori, na lori likakwama kwenye tope la mteremko, mbele kuna malori yamekwama na nyuma yake yakaja mengine. Nasma alikaa humo akiwa amempakata kichwa mumewe, akisikia matairi yakizunguka pale pale. Haidari alikata roho kabla hawajavutwa.

Ndivyo Nasma alivyoingia eda.

Nyumba ilikuwa ya ukoo, imezungushiwa ukuta wa matofali ya kuchoma, na ua wake ulikuwa na jiko, choo, migomba michache na banda la bati lilimolala gari jeupe. Ukoo ulimleta shangazi wa marehemu, Mwanaamina, akae na mjane. Alikuwa mama mwenye huruma, lakini huruma yake haikumwacha Nasma hata dakika. Akikohoa, shangazi aliuliza. Akisogelea dirisha la barabarani, shangazi alisema, "Mwanangu, njoo huku, watu wanapita." Wageni walikuja, wakalia, wakala, wakaondoka, na kila alipowasindikiza kwa macho hadi mlangoni Nasma alijiona kama mtu aliyesahauliwa ndani ya sanduku. Hakuipinga eda, Haidari alistahili kuliliwa. Kilichombana kilikuwa ile mvua juu ya bati, mchana na usiku, na mawazo yaliyozunguka pale pale kama matairi ya lile lori.

Nafuu yake ilikuwa alasiri, shangazi anapolala. Hapo alijifunika, akakatisha ua, akaingia kwenye gari jeupe na kufunga mlango. Ndani mlikuwa na harufu ya Haidari, ya udi na petroli. Aliwasha injini kidogo betri isife, kisha akazima, akakanyaga klachi na kupanga gia gari likiwa limesimama: kwanza, pili, tatu, nne, tano, akapangua kurudi chini. Shangazi aliposikia mngurumo usingizini alidhani mwanamke anakwenda kulia kwa faragha. Mara nyingine ilikuwa kweli.

Siku moja Khatibu akafika kutoka Kibondo, amedandia lori, suruali imeloa tope hadi magotini. Alikuja na fundi wa pale Kasulu, Venanti, mtu wa kijiji cha Kitanga ambaye wazazi wake walivuka kutoka Burundi zamani. Khatibu aliketi ukumbini, Nasma akakaa nyuma ya pazia, shangazi akawa katikati yao.

"Shemeji, pole na kukaa," Khatibu alianza.

"Nimeshapoa. Poleni na nyie."

"Gari langu limekufa. Mto Malagarasi ulifurika nikiwa katikati. Maji yameingia kwenye giaboksi, na fundi wa otomatiki hayupo Kibondo, hayupo Kigoma. Liko mbele ya duka, watoto wanalichezea." Akaelekeza kidole uani. "Hili la Haidari limelala tu. Venanti anasema giaboksi yake itaingia kwenye langu, na klachi yake, na pedali zake. Nimekuja kuvichukua."

Nasma alisogea hadi kwenye pazia. "Mirathi haijagawanywa, shemeji."

"Itahesabiwa kwenye fungu langu. Simdhulumu mtu."

"Nalo litabaki nini?"

"Litabaki bodi. Utaliuza, hata kama ni kwa vipande. Wewe si mwendeshaji."

Shangazi alisema kwa upole, "Mwanangu, kaka wa marehemu ndiye mkubwa wetu sasa." Nasma akanyamaza, maana maneno yote yaliyomjia yalikuwa makali kuliko nafasi yake. Wakauchukua ukimya wake kuwa ridhaa. Akasikia Khatibu anainuka, kisha uani akasikia jeki ikigonga sakafu ya banda.

Alikaa akisikiliza. Kila mlio wa spana ulimwingia. Alifikiria lile gari likiwa limetobolewa tumbo, na alasiri zake zote zitakazofuata. Akasimama, akajitanda khanga mbili.

"Unakwenda wapi?" shangazi aliuliza.

"Uani."

"Kuna wanaume."

"Nimejistiri, shangazi. Na uani ni nyumbani."

Alipita mbele ya Khatibu bila kumtazama, akaingia kwenye kiti cha dereva, akafunga milango yote miwili na kuweka mkono wa kushoto juu ya gia.

Venanti alikuwa chini ya gari. Alipotoka, akijifuta mikono, alikuja kwenye kioo maana kazi iliyofuata ilikuwa kuing'oa gia kutokea ndani. Akakuta mwanamke.

"Mwakeye, mama," alisalimia kwa lugha ya kwao, akarudi hatua moja.

"Fundi, umefungua nini?"

"Bado sijafungua kitu. Nilikuwa nasugua kutu kwenye boliti."

"Basi shusha jeki."

Venanti alimtazama Khatibu, Khatibu akaukaribia mlango. "Shemeji, toka humo."

Khatibu alishika kitasa, akakiachia. Hangeweza kumvuta mke wa nduguye, na zaidi akiwa ndani ya eda, wala hangeweza kuingia kuketi naye kwenye gari lenye viti viwili vya mbele na nafasi ya mtoto nyuma. Alisimama pale mvua ikimpiga mgongo, na kwa mara ya kwanza tangu msiba Nasma aliona kuna mtu mwingine aliyekosa pa kwenda.

"Shusha," Khatibu alimwambia fundi mwishowe. Gari likatua.

Nasma akawasha injini. Hakuwa amepanga kufanya hivyo. Alikanyaga klachi, akaingiza gia ya kwanza, akaachia taratibu jinsi alivyofundishwa, na gari jeupe likatoka bandani kwenye mvua. Shangazi alipiga ukelele kwenye mlango wa jiko. Venanti akaruka pembeni. Gari lilikwenda hadi kwenye migomba likasimama, likarudi rivasi hadi karibu na ukuta wa choo, likaja tena mbele. Lilikuwa na gia tano, lakini ua ule ulitosha ya kwanza na rivasi tu. Nasma alikwenda na kurudi, kwenda na kurudi, matairi yakichora tope, na kila injini ilipoanza kuomba gia ya pili alikuwa ameshafika ukutani. Mkono wake ulitamani kuisogeza ile gia chini, nafasi haikuwepo. Alikuwa akilia na hakuwa akilia kwa ajili ya Haidari peke yake.

Alipochoka alizima, akashusha kioo upana wa vidole. Khatibu alikuwa ameketi kwenye kizingiti cha jiko, ameloa chapachapa.

"Nani kakufundisha?" aliuliza.

"Mwenye gari."

Khatibu alijua ni nani. "Hakuniambia. Na mimi namwita shemeji aamue, kumbe naita shahidi wake."

"Hukuniuliza ukitaka jibu. Uliuliza mkichekana."

"Sasa nakuuliza."

Nasma alifikiri. "La kwako ni zuri. Nikiwa abiria kwenye safari ndefu, ningetaka lile. Mtu analala humo. Lakini humu mimi ninafanya kitu, shemeji. Nikikosea nimekosea mimi, na nikipatia ni mimi. Sina mahali pengine palipo hivyo."

Khatibu alivuta pumzi. "Kule mtoni maji yalipoingia miguuni nilikanyaga mafuta, gari likanyamaza kama linafikiri. Nikalingoja. Nikamfikiria Haidari, kwamba yeye angekuwa ameshapangua, ameshatoka. Nilikasirika naye, amekufa na ameshinda ubishi." Alijifuta uso. "Kuna siku natoka dukani naketi mle ndani bila sababu. Nilitaka kushika gia aliyokuwa akiishika."

"Ukiing'oa utaishika wewe. Mimi je? Wewe ukitoka hapa unakwenda Kibondo. Mimi nikitoka hapa naingia chumbani."

Baadaye Khatibu alimwambia Venanti akusanye spana zake. Waliondoka bila kuaga sawasawa.

Jioni ile ile shangazi Mwanaamina aliuchukua ufunguo wa gari akaufunga kwenye pindo la khanga yake. "Sikuonei," alisema. "Lakini mji umeshasema. Mjane anaendesha gari ndani ya eda. Wakiniuliza nilikuwa wapi, nitasemaje?" Shekhe wa msikiti alipoulizwa alisema ua ni sehemu ya nyumba na eda haikuvunjika, ila akaongeza kwamba mambo mengine hata kama si haramu hayapendezi. Watu walibeba nusu ya pili ya maneno yake wakaacha ya kwanza. Wanawake waliokuja kumpa pole sasa walikuwa wakichungulia bandani kwanza. Alasiri Nasma aliendelea kwenda kuketi kwenye gari, injini ikiwa kimya, akipanga na kupangua gia. Baada ya muda betri ilikufa, na ilikuwa kama kuketi na mtu aliyekata kauli.

Eda ilikwisha, mvua haikwisha. Mirathi ikaitishwa. Nyumba ilikuwa ya ukoo, haikugawiwa. Duka lilikuwa na ndugu wengi wa kulidai. Baba yake Nasma aliyekuwa Ujiji, kule Kigoma, alituma salamu arudi kwao barabara ikifunguka, na kila mtu pale alijua maana yake ni chumba cha nyuma na wadogo zake wa kulea. Shekhe alipomuuliza anataka fungu lake lije kwa namna gani, Nasma alisema anataka gari.

Wajomba waliguna. Mmoja alisema gari hilo halivuki hata kijito cha sokoni, na mwanamke atalipeleka wapi. Wote wakamgeukia Khatibu, wakijua alilitaka yeye.

"Apewe," Khatibu alisema, akaomba wapite kwenye jambo jingine.

Ilibidi angoje hadi kiangazi, akiishi kwenye chumba kile kile, safari hii kama mgeni. Venanti alichaji betri, akabadili mafuta, akakataa kuulizwa habari za siku ile. Askari wa usalama barabarani alimjaribu kwa kumzungusha soko la Kasulu, akashangaa, akampa leseni. Greda lilipopita Nasma alisema anakwenda Kibondo kumjulia hali shemeji yake. Shangazi akasema hatakwenda peke yake, akajikunja nyuma ya kiti na tasbihi yake.

Baada ya Makere barabara ilinyooka. Nasma alisikiliza, na injini ilipoanza kulalamika mguu na mkono wake vikaenda pamoja. Ya tatu. Akaiacha ijae, akaweka ya nne. Kwenye kona ya kuteremkia Malagarasi alipangua mapema, gari likajishika lenyewe bila breki, likanguruma, likatoka konani limenyooka kama kamba. Nyuma shangazi alikuwa akisoma dua kwa sauti. Nasma alicheka peke yake, akahisi aibu ya kucheka, akacheka tena.

Khatibu alikuwa mlangoni kwa duka lake, na gari jekundu bado liko pale pale, majani yameota pembeni ya matairi. Alisalimia, akamtazama shangazi, akaomba aketi mbele. Nasma alimpandisha mlima wa Kitahana. Hadi juu macho ya Khatibu yalikuwa kwenye mkono wa shemeji yake.

"Ngoja nijaribu," alisema.

Wakabadilishana viti. Alilizima mara ya kwanza. Mara ya pili lilirukaruka kama mbuzi, gia ikalia meno kwa meno, shangazi akagonga kichwa kwenye bati la paa. Alipofanikiwa kuingiza ya pili jasho lilikuwa limemlowesha kola. Alikwenda kipande kifupi, akasimama, akaachia usukani.

"Hapana," alisema. "Nimelijaribu kwa moyo wangu wote, lakini hapana. Nimemwagiza mtu Dar anitafutie giaboksi ya otomatiki. Nitangoja." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Yeye angecheka hadi kesho."

"Angecheka," Nasma alikubali.

Walimshusha dukani. Nasma alitaka kuendelea mbele, upande wa Nyabibuye, aone barabara inafika wapi, lakini nje kidogo ya Kibondo kulikuwa na kizuizi, na kijana wa pale akamwambia daraja limechukuliwa na maji tangu masika, malori yanapita mtoni, gari fupi kama hili lisithubutu. Akageuza. Upande wa Kigoma alijua ulivyo, wenye mabasi walikuwa wakiusimulia: makorongo ya kumeza gari zima. Kati ya vizuizi hivyo viwili kulikuwa na kipande kimoja cha barabara nzuri, kutoka Kibondo hadi Kasulu, na yeye alikuwa nacho hadi mvua zitakaporudi.

Karibu na Makere walilikuta greda, limegeuka, linafanya kazi kuelekea Kibondo, limeipa Kigoma mgongo. Shangazi Mwanaamina aliinua kichwa.

"Ujiji utakwenda lini, mwanangu? Baba yako atauliza."

"Barabara ikitengenezwa, shangazi."

"Wanaitengeneza lini?"

Nasma hakujua. Mbele palikuwa na mlima, akapangua gia akaupanda.